Koti la Maruni

Anayesema Nairobi haina baridi hajawahi kuamkia Kangemi mwezi wa saba. Huyo alipita uwanja wa ndege akielekea Mombasa, akaona jua, akaenda kuwaambia wenzake. Kipupwe chetu hakina theluji, sikatai. Lakini kina ukungu unaoingia chini ya mlango bila kupiga hodi, kina manyunyu yasiyokuwa mvua wala umande, na kina mabati yanayokudondoshea maji shingoni ungali umelala. Jua likijificha linaweza kujificha wiki nzima. Sisi tulikuwa tukienda kazini na sweta zetu za shule tulizozibandua nembo, tumekunja mikono kifuani, na ukituuliza habari tunasema ni njema.

Mimi nilichoka kusema ni njema. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na nilikuwa na mchumba aliyefanya kazi benki, kule Upper Hill. Wazazi wake walikaa Lavington, nyuma ya ukuta mrefu na ua wa michongoma. Mama yake alikuwa ameishi Uingereza miaka ile mumewe alipokuwa akisoma, na aliporudi alirudi na vikombe vyake, na sauti yake, na namna yake ya kumtazama mtu kuanzia viatu kwenda juu. Siku moja mchumba wangu akaniambia mama yake ananiita chakula cha mchana, Jumapili, ili tuonane.

"Mama anapenda watu smart," aliniambia. "Si lazima iwe kitu kubwa. Naweza kukuletea koti ya sister yangu, hatajua."

Nilimwangalia hivi. Alikuwa mtu mzuri, na bado ni mtu mzuri, lakini alikuwa mtoto wa kiume wa pekee wa mama yake, na nilijua mama akitikisa kichwa mambo yetu yatapoa kama uji. Kwa hiyo nilikuwa naenda kupimwa. Hilo halikunitisha. Kilichoniudhi ni kwamba nipimwe nikiwa ndani ya koti la dada yake.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," nilimjibu. "Mwambie mama yako nitakuja na yangu."

Tatizo ni kwamba yangu sikuwa nayo.

Mama yangu alikuwa na cherehani kwenye baraza ya nyumba yetu ya kupanga. Kazi yake ilikuwa kupunguza mitumba: mtu ananunua suruali ya Mzungu mwenye tumbo, mama anaitoa tumbo. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, huko huko Lavington, miaka ambayo mimi nililelewa na nyanya yangu Machakos. Kuhusu miaka hiyo hakuwa akisema mengi. Ukimwuliza alikuwa akikwambia, "Nilifua," kisha anakanyaga cherehani.

Nilipomweleza habari ya Lavington alimaliza mshono kwanza. Kisha akasema, "Jumamosi twende Ngara."

Watu wengi hawajui kununua mitumba. Wanatazama rangi. Mama alikuwa akifika kwenye lundo, anaangalia upande mwingine kabisa, kama mtu anayengoja mwenzake, huku mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akichagua kwa kiganja. Sufu ya kweli, aliniambia, ukiishika inakurudishia joto lako. Ile nyingine inabaki na baridi yake. Wachuuzi walikuwa wakimwita wenyewe, "Mama, chagua, leo ni robota mpya," naye anawajibu kwamba kila siku ni robota mpya lakini matundu ni yale yale.

Kwanza alivuta sweta kubwa ya mwanamume, rangi ya maziwa, kiwiko kimoja kimetoboka. Nikamwambia imetoboka. Aliigeuza ndani nje akakagua mishono ya ubavuni. Sweta iliyokatwa na mkasi kiwandani ukiifumua unapata vipande vya uzi, urefu wa mkono, takataka tupu. Lakini iliyofumwa kwa umbo lake tangu mwanzo, ukipata ncha yake moja, itafumuka yote kama mtu anayekiri dhambi. Ile ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Mama aliiweka kwapani.

Halafu akavuta mkono wa nguo nyingine, ukaja, ukaja, nguo yenyewe haiishi. Ilipotoka yote nilishika mdomo. Lilikuwa koti refu la kufika vifundoni, la sufu nzito, rangi ya maruni, lenye mifuko ambayo ungeweza kutia mkate mzima, na kola pana iliyolala kifuani. Mama alilishika kwa mikono miwili akalitazama kwa muda mrefu. Akalileta usoni. Nilidhani ananusa kama lina uvundo.

"Koti ya mabibi hiyo," mchuuzi akasema. "Ya majuu kabisa."

"Hii ndiyo koti," mama akasema.

Lilikuwa na mshipi wa kamba nene iliyosokotwa, yenye vishada mwishoni. Mama aliuchomoa pale pale akausukuma chini kabisa ya kikapu. "Hii haitakiwi," akasema. Nikamwuliza mbona koti halina hata kifungo kimoja.

"Vimeanguka njiani," akasema. "Ulaya ni mbali."

Jirani yetu mmoja tuliyekutana naye pale sokoni alituuliza, kwa ile huruma ya kinafiki, kama tumehakikisha mwenyewe hakufia ndani, maana mitumba mingi, alisema, ni nguo za marehemu. "Kama alifia ndani," mama akamjibu, "basi alikufa na joto." Jirani akaondoka na mfuko wake wa viazi.

Tukapita duka la vifungo na nyuzi, karibu na pale, la bibi mmoja wa Kihindi, Kalasinga, aliyekuwa akifuma nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka anafunga. Mama alikuwa mteja wake wa miaka. Wakizungumza habari za sindano na nyuzi ungedhani ni mawakili. Mama alipolitandaza koti juu ya kaunta, yule bibi alilipapasa, akapandisha miwani.

"Hii gauni iko mzuri sana," akasema.

"Ni koti, mama," mama yangu akasema.

Yule bibi alimtazama, akanitazama na mimi, akacheka kidogo peke yake. Kisha akafungua droo ya chini. "Basi weka vifungo kubwa," akasema. "Koti lazima iwe na vifungo kubwa." Akatupatia vyeusi, vipana kama kisahani cha kahawa. Sikuelewa kitu. Nilikuwa nikiwaza viatu.

Kazi ilichukua wiki nzima, jioni baada ya jioni. Ile sweta niliifumua mimi, nimekaa kwenye kigoda, na mama akazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti mpaka kiti kikanenepa. Uzi wa zamani una mikunjo, umezoea umbo lake, kama mtu mzima. Ukiufuma hivyo hivyo utatoa kitu cha kutia huruma. Mama aliufua, akautundika kwenye kamba ya nguo, akaufungia jiwe kwa chini ukauke umenyooka. Kwa uzi huo alifuma kola ya kupandisha juu ya kola ya koti, ya kufunga shingo mpaka kidevuni, na vikuku vya kubana mwisho wa mikono ya koti, na kofia ya kuegemea upande mmoja. Uzi ulimwishia kikuku cha pili kikiwa nusu. Nilimwambia aache. Akavua sweta yake ya kijivu, ile aliyokuwa akiivaa barazani akishona, akatafuta ncha chini, akaanza kuivuta.

"Mama, hiyo ni yako."

"Mimi nimekaa," akasema. "Anayekaa hahitaji sweta ndefu."

Kikuku kimoja kikawa cha rangi ya maziwa chenye mstari wa kijivu, na sweta yake ikabaki ya kufika kitovuni. Ili visitofautiane alifumua cha kwanza nacho akakitia mstari. Viatu vya ngozi, vya kufunika kifundo, tulivipata Kangemi hapo hapo, na sketi aliikata kutoka kwenye suruali ya mwanamume. Nilipovaa vyote nikasimama mlangoni, mama alinizunguka mara kadhaa akitoa nyuzi ambazo hazikuwepo. Usione vyaelea, vimeundwa. Nilijiona, na nasema bila haya, kwamba Nairobi nzima hakukuwa na mwanamke aliyevaa kunishinda.

Jumapili ile ukungu ulikuwa chini. Nilitembea kutoka Kangemi kushuka Lavington, na watu waligeuka. Mlinzi wa lango alinifungulia akaniita madam. Ndani moto ulikuwa ukiwaka kwenye ukuta, ile anasa ya kuchoma kuni bila kupika kitu, na mama wa mchumba wangu alikuwa amekaa na wanawake wenzake wa kanisani. Aliinuka kunisalimia. Macho yake yalianza kwenye viatu, yakapanda, yakafika kifuani, yakasimama.

"Ngoja kwanza," akasema. Akanishika bega akanigeuza. "Jamani. Hii si dresingi gauni?"

Wenzake hawakuelewa, hata mimi sikuelewa. Basi akatueleza sote. Kule Uingereza, alisema, mtu akitoka kitandani asubuhi hujifunika hii juu ya nguo za kulalia, anywe chai, aende bafuni. Haitoki nje. Hata kuchukua maziwa mlangoni watu huona aibu. "Na huyu ametembea nayo njia nzima, sijui alipita kanisani, sijui sokoni," akasema, na sasa walikuwa wameelewa, wakaanza kucheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mama mwenyewe alicheka pia. Sitasema alicheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyekutana na kitu cha zamani mahali asipokitarajia, lakini alicheka.

Mchumba wangu alikuwa amesimama kwenye meza ya chakula, anatazama njegere kwenye bakuli.

"Vua, mwanangu," mama yake akaniambia, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Usijali. Nitakupatia koti yangu moja, hata uende nayo."

Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Niliona kiti chenye uzi uliozungushwa, na jiwe likining'inia, na sweta ya kijivu ikipungua. Kama ningelivua pale, ningekuwa nimemvua mama yangu mbele ya wanawake wale.

"Asante, mama," nikasema. "Nitakaa nayo."

Na nilikaa nayo. Nilikula kuku nayo, nikanywa chai nayo, karibu na moto ule wa anasa, jasho likinitiririka mgongoni kama niko Mombasa, na vifungo vyote nimevifunga mpaka kidevuni. Waliponiuliza habari za kazi niliwajibu. Mtu asiniulize nilijisikiaje, maana nilijisikia vibaya sana, na nilikuwa nimeazimia wasilione hilo hata kwa tochi.

Mchumba wangu alinisindikiza langoni.

"Ungeivua tu," akasema. "Ingeisha."

"Wewe ulikuwa unahesabu njegere," nikamwambia. "Mama yako amesema alilosema mbele yangu. Wewe hukusema kitu. Kati yenu wawili najua ni nani amenikosea zaidi."

Alisema nimsamehe. Nilimwambia kama bado anataka kuja kwetu kupiga hodi, kwa mila, aje na mama yake akae kwenye kiti chetu. Bila mama yake asije. Kisha nikapandisha kola nikaenda zangu.

Nyumbani mama alikuwa barazani. "Waliipenda?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Waliipenda sana," nikasema. "Mama yake aliishika kabisa. Akasema ni ya Uingereza."

"Hm," mama akasema, akainama kutia uzi kwenye sindano.

Nilimdanganya, na ningemdanganya tena kesho. Na kama kuna aliyefikiri nitalificha lile koti chini ya kitanda, hakunijua. Jumatatu nililivaa kwenda kazini. Nililivaa siku zote za kipupwe kile, katikati ya mji, mbele ya benki na mbele ya hoteli. Karani mmoja mwenye jamaa majuu alikuja mezani kwangu siku moja akaninong'oneza, kwa kunisaidia, kwamba nimevaa nguo ya kulalia.

"Najua," nikamwambia kwa sauti ya wote. "Na kama unavyoona, sijalala."

Kufika mwisho wa mwezi, wasichana wawili wa ofisi walikuwa wameniomba niwapeleke Ngara.

Wageni walikuja mwezi wa nane, Jumamosi, baridi ikiwa bado imeng'ang'ania. Mchumba wangu alikuwa ametuma neno kwamba mama yake anakuja. Kwa desturi zetu watu wa mwanamume hufika kwa mama wa msichana na blanketi na leso na mbuzi wao, na mama hupokea, hufunikwa, huimbiwa. Yeye kupokea tu ndiko kazi yake. Lakini asubuhi ile mama alitoa chini ya kitanda kifurushi cha gazeti.

"Hii ni ya mama mwenzangu," akasema. "Siwezi kupokea halafu nirudishe mikono mitupu."

Nilifungua. Ilikuwa nyingine. Ya samawati, ya sufu, nzuri kama yangu au kuishinda, imefuliwa na kupigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuwa amefuma kola yake ya kijivu. Lakini vifungo hakutia. Na mshipi ulikuwa pale pale kiunoni, kamba nene iliyosokotwa, na vishada vyake viwili vinaning'inia.

"Mama, usimpe hii."

"Kwa nini? Si ulisema waliipenda?"

Nikasema si desturi. Akasema desturi amezishika za kutosha. Nikasema basi angalau tuitoe hiyo kamba, nitafute vifungo hata vya kuunga. "Acha kamba," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mdogo. "Kamba ikae."

Ningeweza kumwambia ukweli wakati huo. Ningemwambia, walicheka, mama, walicheka mpaka wakaweka vikombe chini. Sikuweza. Alikuwa amevaa leso yake nzuri na ile sweta fupi chini yake. Basi nikavaa koti langu la maruni, nikafunga vifungo vyote, nikajiambia akicheka mtu leo nitamtoa nje mimi mwenyewe, awe mama mkwe awe nani, na harusi iende na maji.

Walijaa kwenye chumba chetu, wengine wakabaki nje chini ya turubai. Mama wa mchumba wangu alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Alivaa hariri nzuri, nyepesi, na mtandio usiozuia hata nzi, na nilimwona amebana viganja katikati ya magoti. Nyumba yetu haikuwa na moto ukutani. Wale wenzake wa kanisani walikuwa nyuma yake. Wakatoa blanketi lao, zito, likiwa ndani ya plastiki ya dukani limefungwa kamba, wakamwekea mama mabegani na plastiki yake, wakaimba. Mama alishukuru. Alilishusha, akaliweka nyuma ya mlango, akaingia chumbani.

Alitoka na ile gauni ameibeba kwa mikono miwili, imekunjuliwa, mikono yake imetanuka, kamba inaburura karibu na sakafu.

"Mama mwenzangu," akasema, "huku kwetu ni baridi. Simama nikuvike."

Wimbo ulikufa. Nyuma mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Nilisogea mpaka nikafika ubavuni kwa mama, na koti langu, mahali ambapo kila mtu angetuona sote wawili kwa pamoja. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Ndiyo, ni gauni la kulalia. Na hili langu pia. Semeni sasa.

Yule mama aliinuka polepole. Aliitazama gauni, akaitazama kamba, na nikaona kabisa kwamba ameijua. Kisha akamtazama mama yangu. Mama yangu alikuwa akimtazama bila kupepesa, mikono imeshika ile nguo juu. Walitazamana hivyo, wazazi wawili, na mimi nilikuwa katikati kama mtoto.

Akageuka. Akatupa mgongo, akanyoosha mikono yake nyuma, kama mtoto anayevishwa kwenda shule.

Mama alimvika. Mkono wa kushoto ulikataa kidogo kwa sababu ya hariri, nikausaidia, kwa hiyo nilikuwa karibu na ndiyo maana nilisikia. Yule mama alishika kamba mwenyewe akaifunga kiunoni, fundo la haraka, bila kuangalia, fundo la mtu aliyelifunga kila asubuhi ya miaka mingi. Akasema kwa sauti ya chini, kwa mama yangu peke yake:

"Kule nilikuwa navaa hii nikikaa dirishani na mtoto, mzee ameenda masomo. Siku nzima hakuna mtu wa kuniongelesha. Miaka yote hiyo hakuna mtu amewahi kunivika."

"Basi leo umevikwa," mama akasema.

Vigelegele vikapigwa, na waliokuwa wakikohoa wakapiga pia, wangefanya nini. Alikaa nayo mchana wote. Alikula nayo. Walipoitwa nje kuonyeshwa mbuzi alitoka nayo, visigino vikizama kwenye tope la Kangemi, vishada vikimpiga magotini, na mmoja wa wenzake alipomgusa kiwiko na kumwambia jambo sikioni, alimjibu kwa sauti, "Acha, nasikia joto." Mchumba wangu alikuwa amesimama kando ya turubai. Alinijia akaiweka sawa kola yangu, mbele ya wazee wote, na wakati huu hakuwa akitazama njegere.

Wageni walipoondoka tukabaki na sufuria. Mama alikuwa akiosha, mimi nikikausha, mwanga wa jioni ukiisha mlangoni.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nini?"

"Hawakuipenda. Ile Jumapili ulirudi umelowa jasho na siku ilikuwa ya baridi. Walikucheka."

Nilisimama na kitambaa mkononi. "Ulijua ni nini?"

"Nilizifua," mama akasema. "Nikazipiga pasi, nikazitundika nyuma ya mlango. Nitakosaje kujua? Walikuwa wakikaa nazo mpaka saa nne, wanakunywa chai, na mimi nimepiga magoti nawasha moto, nimevaa gauni ya kazi ya mikono mifupi, baridi kama hii. Sweta ilikatazwa. Nikasema mtoto wangu ataivaa. Na hataivaa ndani, ataivaa mchana, na barabarani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeivaa ukiinamisha kichwa."

Nikamwuliza habari ya leo. Ya samawati. Mbona hakutoa kamba?

Mama alisugua ukoko kwenye sufuria. "Wewe unaenda kuishi karibu na yule mama," akasema. "Mimi sitakuwepo mezani kwake. Nilitaka nimwone kwa macho yangu. Angecheka, angechukua blanketi lake na mbuzi wake, na wewe ungelala hapa."

Nikageuka kutazama. Blanketi lilikuwa bado nyuma ya mlango, ndani ya plastiki yake, kamba ya dukani haijaguswa. Mama alijifuta mikono kwenye leso, akapita mbele yangu, akalichukua akakaa nalo kwenye kigoda. Fundo lilikuwa gumu. Akaikata kamba kwa meno.